Tumbo Halifungwi kwa Kulabu

Nakumbuka vizuri siku simu ya mjomba Athumani ilipoita. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimekaa kwenye cherehani nyumbani kwangu Kichangani, mjini, nafumua gauni langu mwenyewe kwa mara ya nne. Gauni moja hilo hilo, mwanangu. Nililishona mwaka niliomzaa mtoto wangu wa mwisho, na kila lilipoanza kunibana nililifumua ubavuni, nikatoa ile akiba ya kitambaa tunayoiacha mafundi ndani ya mshono, nikashona upya. Siku hiyo akiba ilikuwa imekwisha. Nilikuwa natafuta kipande cha kitenge kinachofanana nacho nikitie kutoka kwapani hadi nyongani, na nilikuwa nimeshajishawishi kwamba huo ni mtindo mpya.

Cheka tu, hata mimi nacheka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kama unaona huo si ujana, subiri ufike sitini na kitu kama mimi, ndipo utakapojua kwamba mtu wa arobaini ni mtoto anayehitaji kufokewa.

"Hadija," mjomba akasema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jumamosi akina mama wanapanda mbegu. Mvua imeshapiga hodi huku. Unakuja, au unatuma tena vijana wa watu?"

Misimu miwili mfululizo nilikuwa nimetuma vibarua wanilimie na kunipandia.

"Mpwa wangu, nisikilize," akaendelea. "Kipande kile cha shamba bibi yako alikilima akiwa na mimba ya mama yako. Kisipoona mguu wa mwenyewe msimu wa tatu, ukoo utampa mwingine mwenye miguu. Ndugu yako Mwanahawa ana mabinti wanne, wote wanapanda mlima kama mbuzi. Fika kabla jua halijawa utosini, upande mistari yako kwa mkono wako. Usipofika usinilaumu."

Kwa wewe ambaye si Mluguru, nikueleze kidogo. Kwetu ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mimi nilikipata kipande kile kwa mama yangu, yeye alikipata kwa bibi, na baada yangu kilikuwa kiende kwa binti zangu watatu. Mjomba ndiye msimamizi. Katika ukoo wetu kuna desturi kwamba binti mwenye kipande lazima akanyage mwenyewe siku ya kupanda. Kibarua anaweza kulima na kupalilia, lakini mbegu za mistari ya kwanza ni za mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo kama mimi nisingefika Jumamosi, wanangu wangepoteza shamba kwa sababu ya mama yao.

Na kwa nini nilikuwa siendi? Watu niliwaambia kazi nyingi. Mume wangu nilimwambia miguu inauma. Ukweli ni kwamba shamba lile liko juu ya Kinole, gari na pikipiki vinaishia chini, halafu unapanda kwa miguu. Mara ya mwisho nilipojaribu, tumbo lilinitangulia na pumzi ikabaki nyuma. Nilikaa njiani zaidi kuliko nilivyotembea. Niliona aibu kupitwa na vikongwe wenye mikungu ya ndizi kichwani, wakanipa pole kana kwamba nina msiba, nikaapa moyoni kwamba hawataniona tena hivyo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilificha hasa.

Ngoja nikusimulie tumbo lenyewe lilivyokuja, kwa sababu halikuja siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilizaliwa kule juu. Nikiwa msichana nilishuka na magimbi kichwani hadi gulioni, nikapanda na chumvi na mafuta ya taa, na hakuna aliyeniambia hayo ni mazoezi. Nilipoolewa nikashuka mjini, nikajifunza ufundi, nikakaa kwenye kiti. Nilikaa kwenye kiti kile miaka kumi na nane. Maji yalikuwa bombani, sokoni nilimtuma mtu, na hata uzi ukianguka nilimwomba mteja aniokotee.

Mume wangu naye alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Turiani, na kila alipokuja nyumbani alikuja na mfuko wa sukari. Wenzangu walikuwa wakipima sukari kwa kijiko, mimi nilikuwa nachota kwa kikombe. Chai ya asubuhi na maandazi mawili, chai ya saa nne na vitumbua, mteja akija kuchukua nguo yake ananiletea soda ya shukrani, nami sikuwa mtu wa kukataa shukrani za watu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, ila kwangu buyu lilikuwa halimaliziki, kwa maana mwisho wa mwezi liliongezwa jingine.

Msimu wa harusi ndio ulikuwa balaa. Sare za watu thelathini, wote wanazitaka Ijumaa. Nilikuwa nakula mlo wangu mmoja wa maana usiku sana, sinia la wali wa Dakawa ule unaonukia mpaka kwa jirani, halafu nalala kwa muda wa saa nne tu na kuamka. Mume yuko mbali, watoto watatu shuleni, kichwa kinawaza hiki na kile, na mimi mawazo yakinizidi mkono hutafuta kitu cha kutafuna. Mwingine mawazo humkondesha. Mimi yalikuwa yananinenepesha, tena mahali pamoja tu, hapa mbele.

Lakini kubwa kuliko yote, mwanangu, ni kwamba sikuona. Mke wa karani, asiyejua kushona, akinenepa, gauni humwambia. Zipu inagoma, kifungo kinaruka, anashtuka. Gauni langu kila lilipotaka kunisema, nililiziba mdomo kwa sindano. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwangu kutwa nzima, nilikijua kiuno cha kila mwanamke wa mtaani, na sikuwahi hata mara moja kuizungusha kwangu. Mganga hajigangi. Na watu nao hawakunisaidia. "Mama Rehema umenawiri! Mume anakutunza!" Nami nikatabasamu na kujivutia kiti.

Basi nikakata simu ya mjomba siku ya Jumanne, nikahesabu siku nne. Mtu mwenye akili angesema, nitaondoka mapema, nitapanda polepole. Mimi nikasema, nitashona.

Unajua kwetu mwanamke akijifungua hufungwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni ili lirudi. Nikajiambia kwamba kama mkaja unarudisha tumbo la uzazi, basi utarudisha na hili. Ila sikutaka wa kuzungusha, ule unateleza. Nilishona wa kifundi. Nilitumia kitambaa kigumu cha suruali, nikatia bitana mbili, vipande vya plastiki ya ndoo nilivyovikata vikiwa virefu na vyembamba vikasimama ubavuni kama fito za ukuta, na mgongoni nikapanga kulabu kumi na sita, zile ndogo za kwenye sidiria. Sijawahi kushona kitu imara namna ile, si kabla wala baada. Kuanzia Alhamisi nikaacha kula. Nilikunywa maji ya ndimu na tangawizi tu, nikawa mkali kwa wateja kama pilipili kichaa.

Jumamosi alfajiri binti yangu mkubwa, Rehema, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akaweka goti lake mgongoni mwangu na kuvuta.

"Mama, unapumua?"

"Funga."

"Mama, sauti yako imebadilika."

"Rehema, nimesema funga."

Akafunga zote kumi na sita. Nikavaa lile gauni la kufumuliwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi likanilegea. Nilijitazama kwenye kioo nikajiona bibi harusi. Tukapanda gari hadi Kinole, nimekaa wima kama mtu aliyemeza mchi, kwa sababu kuinama nilikuwa siwezi.

Kwa dakika za mwanzo za kupanda nilikwenda vizuri. Kisha njia ikainuka. Wewe uliyezoea barabara ya lami, njia za Uluguru hazizunguki mlima. Zinakwenda moja kwa moja, unapanda kama unavyopanda ngazi, mkono mmoja umeshika mgomba na mwingine umeshika goti. Mtu akipanda hivyo anahitaji tumbo lake lijae pumzi na kutoka, na langu lilikuwa gerezani. Nikaanza kuona nyota mchana. Masikio yakavuma. Tulipofika kwenye kijito, pale penye mawe ya kuvukia, nilimwambia Rehema, "Ngoja nikae kidogo," lakini kukaa kwenyewe nikashindwa, zile fito zilinizuia kukunjika. Nikaanguka kifudifudi kwenye majani, nimenyooka kama gogo.

Rehema akapiga kelele. Na aliyezisikia alikuwa mama mkubwa Mwanaidi.

Huyu alikuwa dada yake mama yangu. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa amelala kitandani analetewa uji, lakini siku hiyo alikuwa ameshuka kufuata mbegu zilizosahaulika, sasa anapanda kwa mara ya pili, mzigo kichwani. Akautua. Akaniinamia, akanigusa ubavuni, akashangaa. Akagonga kwa vidole, ko ko ko, kama mtu anayepiga hodi.

"Mjukuu wangu, mama yako amevaa nini? Mlango?"

Rehema huku analia akamweleza. Mama mkubwa akapenyeza mkono chini ya gauni, akajaribu kulabu ya kwanza, ikagoma. Ya pili ikagoma. Nilikuwa nimeshona vizuri mno. Basi akachomoa kisu chake cha kumenyea ndizi, akachana gauni, akachana na mkaja kutoka juu hadi chini. Mwanangu, pumzi iliyoniingia pale ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokwisha kula, na wewe unajua sasa kwamba nimekula vingi. Tumbo langu likatoka, likakaa mahali pake palepale. Mama mkubwa akalitazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa Kiluguru maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Alipomaliza kucheka akafoka.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Ndimu."

"Ndimu! Mtu anapanda kwenda kulima na ndimu tumboni? Hadija, tumbo hili si adui aliyekuvamia njiani ukamfunge kamba. Ni wewe mwenyewe ulilileta, kijiko kwa kijiko, kiti kwa kiti. Na kama ulilileta taratibu, litaondoka taratibu, na wewe utakuwepo na akili zako. Nani kakudanganya kwamba kitu cha miaka kumi na nane kinaondoka kwa siku nne?"

Nikasema nilikuwa naogopa kupoteza shamba.

"Shamba utalipoteza ukiwa hai. Ukifa njiani utapoteza na hao binti zako," akasema. Hapo sauti yake ilikuwa imeshuka, na nikaona kwamba alikuwa ameogopa.

Akamenya ndizi mbivu mbili, akanipa na gimbi la kuchemsha alilokuwa nalo kwenye kitambaa, akanifunga khanga yake juu ya gauni lililochanika. Kisha tukapanda. Akaweka sharti moja: twende mwendo wa kuongea. "Ukishindwa kunijibu, tumekwenda mbio. Mwenda pole hajikwai." Akawa ananihoji njia nzima. Unalala saa ngapi? Chai unatia vijiko vingapi? Usiku unakula saa ngapi? Mume wako yupo, mnaelewana? Nikamjibu yote, na kila nilipojibu nilijisikia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipomwambia vijiko vitano alisimama njiani akaniomba nirudie.

Tulifika juu jua limeshaelekea magharibi. Akina mama walikuwa wanaosha majembe. Mjomba Athumani alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Nimefika, mjomba," nikasema.

"Naona. Kufika saa tisa ni kufika kula, Hadija, si kufika kupanda."

Mwanahawa na binti zake walikuwa wamesimama pembeni, na sikuona hata mmoja aliyefurahi, na hilo likazidi kuniuma. Mama mkubwa ndiye aliyesema. Alieleza yote, mkaja na kisu na gimbi, na kila mtu akacheka, mjomba naye akageuza uso ili asionekane. Kisha akatoa hukumu. Msimu ule kipande kitapandwa na mkono wa mama mkubwa. Masika nifike mwenyewe kabla ya jua la utosini, bila kushikwa mkono na mtu. Nikishindwa, kinakwenda kwa mabinti wa Mwanahawa, na hakuna simu ya kubembelezana. Wote wakaitikia.

Niliteremka nikiwa na miezi minne mkononi.

Jumatatu nikaenda zahanati, kwa sababu mama mkubwa alinilazimisha. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye miwani, akachukua tepu kama yangu akaizungusha kitovuni. Nilipoona namba niliomba apime tena. Akanipima damu, akasema sukari imeanza kupanda ingawa haijawa ugonjwa, na presha inachungulia. Akanieleza kwa upole kwamba mafuta ya mapajani na makalioni hayana ugomvi mkubwa na mtu, lakini haya ya tumboni mengine yamejificha ndani kabisa, yamezunguka ini na utumbo, na ndiyo yanayoita kisukari na maradhi ya moyo. Nikamwambia yule muuguzi kwamba mama mkubwa amesema ni kwa sababu sikufungwa mkaja siku arobaini kwa mtoto wa mwisho. Yule binti akatabasamu. "Mkaja unaweza kukushika mgongo, mama, lakini mafuta hayayeyuki kwa kubanwa." Kwa hiyo hata mama mkubwa alikosea hapo, na nilipomwambia alikataa katakata mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Sikufanya maajabu. Nilihamisha mfuko wa sukari kwa dada wa jirani aliyekuwa anakaanga maandazi, na chai nikapunguza kijiko kimoja kila wiki mbili, nikanung'unika, nikazoea. Mazoea yana taabu, lakini yanazoeleka. Chakula cha usiku nikakila jua likizama pamoja na wanangu, mboga nyingi na wali wa kiasi, na nikagundua kwamba wanangu wana hadithi ambazo nilikuwa sizijui. Sare za harusi nikapokea za watu kumi, nikalala. Maji nikachota mwenyewe kisimani ingawa bomba lilikuwepo, majirani wakadhani limekatwa. Na kila Jumamosi mimi na Rehema tulipanda njia ya Bigwa kuelekea mlimani, mwendo wa kuongea, tukarudi na ndizi. Wiki ya kwanza nilifika kwenye mwembe wa pili tu. Rehema akaniambia, "Mama, leo hujaanguka," nikaona ni sifa kubwa.

Na gauni sikulifumua tena. Nilishona tu pale lilipochanwa kwa kisu, nikalitundika ukutani kama lilivyo, likikataa linikatae.

Masika ikaja na matope yake. Tulilala Kinole kwa ndugu, tukaanza kupanda kulipopambazuka. Njia ilikuwa inateleza kama bamia. Kwenye kijito nilisimama, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo, nikavuka. Nilipitwa na vikongwe wawili, nikawaamkia shikamoo, sikuona aibu. Mahali pa mwisho, pale mlima unapokuwa ukuta, Rehema akaninyooshea mkono kwa mazoea, nikamwambia aurudishe.

Nilipotokea juu, mjomba alikuwa juu ya jiwe lake. Aliinua uso akatafuta jua, akaliona bado liko upande wa mashariki, akashuka. Tumbo langu lilikuwa bado lipo, mwanangu, nisikudanganye. Lilikuwa limepungua upana wa kiganja, basi. Akachukua kikapu cha mbegu, nami nikanyoosha mikono. Akanipita. Akampa Rehema.

"Mama yako kazi yake ameimaliza, amekuonyesha njia," akasema. "Panda, mwenye shamba."

Rehema akapanda mstari wa kwanza, nami nikafuata nyuma yake nikifukia kwa mguu. Nililia tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, na mama mkubwa akaniambia nisiloweshe mbegu kabla ya mvua.

Sasa, mwanangu, usije ukasema bibi yule alisimulia kichekesho akaondoka. Shika haya. Tumbo la mwanamke mtu mzima halina baba mmoja. Lipo la kurithi: kama mama yako na bibi yako walikuwa nalo, wewe jihadhari mapema zaidi ya mwenzako. Lipo la kukaa, la sukari na soda na pombe, la kula usiku wa manane, la usingizi mchache, la mawazo uliyoyameza peke yako. Na lipo la umri. Nilipofika hamsini na kidogo, hedhi ikakoma, na mafuta yaliyokuwa yanakaa nyongani yakahamia mbele bila kuniaga, ingawa sikuongeza hata andazi. Hapo nilitaka kukata tamaa. Muuguzi akaniambia ndivyo miili yetu ilivyo, nisijichukie, niongeze mwendo na nibebe vitu vizito kidogo ili misuli isilale. Nikabeba. Mpaka leo nabeba.

Usimcheke mwenye tumbo, hujui usiku wake ukoje. Wala usimsifu tu kwamba amenawiri ukamwacha aende. Mwulize analalaje, anakula saa ngapi, kama alivyoniuliza mama mkubwa. Mikanda ya kubana mnayouziwa kwenye simu, na vile vichai vya kuharisha, na kujinyima siku mbili tatu ili uingie kwenye sare, mimi nimeshakufanyia majaribio yote, achana navyo. Jipime kitovuni angalau mara moja kila Ramadhani na kila Krismasi, kwa dini yoyote uliyo nayo. Na tumbo likivimba ghafla, au likiwa gumu, au likija na maumivu au damu isiyo ya kawaida, usikae ukaliita kitambi. Nenda ukapimwe, si kila tumbo ni mafuta. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Zaidi ya yote usilitazame tumbo lako kwa ajili ya gauni au macho ya watu. Litazame kwa ajili ya yale ambayo wewe peke yako unaweza kuyafikisha kwa wanao, ambayo hakuna kibarua wa kukufikishia. Mimi nilikaribia kuwanyima wanangu mlima mzima kwa sababu ya kuona haya kupumua mbele za watu.

Mwenyezi Mungu akupe mwanangu usingizi wa kutosha, sahani ya kiasi, na mtu wa kwenda naye mwendo wa kuongea. Akupe kifua cha kupandia na magoti ya kushukia. Na siku utakapofika juu, umkute mwanao amefika pamoja nawe, na mbegu bado hazijaisha.